Uzi wa Damu ya Mzee

Mwikali wangu,

Umeenda kijijini Tulia kumuaga nyanya yako, nami nimekutazama mpaka ulipopinda kona ya soko. Hata hapo nilisubiri kidogo nihakikishe hukusahau kitu ukarudi, ndipo nikatoa karatasi hii. Unanijua. Barua ya mtoto wangu mwenyewe naiandika nikiwa nimeegemeza kiti mlangoni.

Sitakuambia habari ya kuchemsha maji, wala ya kufunga mlango, wala ya vijana wa Matiliku. Hayo nimekuimbia tangu umalize kidato cha nne, mpaka juzi ukaniambia, "Mwaitu, hata redio huzimwa." Nilicheka, ingawa nilikasirika kidogo. Leo nina jambo moja tu ambalo sijawahi kukuambia, na utalikuta huko unakokwenda kesho. Afadhali ulisikie kwangu kwanza.

Yule mama aliyekupa kazi kule Matiliku, mwenye cherehani mbili za kudarizi na jenereta nyuma ya duka, namjua. Siku ile uliporudi kutoka kumwona ukasema, "Anaitwa Kalekye. Aliniuliza kama mimi ni wa Syombua wa Kitui. Nikasema ndiyo, akaniambia nije." Uliona nikiweka sufuria chini kwa haraka, ukaniuliza kama nimeungua. Nikasema nimeungua. Sikuwa nimeungua. Kisha nikakukatalia kwenda kwa wiki mbili nzima bila kukupa sababu, ukalia, ukasema namshuku kila mtu mpaka kuku. Kuhusu kuku ulikosea, yule jogoo wa jirani kweli huja kwa makusudi. Kuhusu hayo mengine ulisema kweli.

Kalekye alifanya kazi na mimi, katika chumba hiki hiki, kwenye cherehani hii hii, wewe ukiwa na miaka sita. Huenda unakumbuka mwanamke aliyekuwa akikukalisha juu ya sweta zilizokunjwa na kukuambia wewe ni chifu. Ndiye huyo.

Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Leo naweza kusema hivyo bila kuumwa. Herufi zake zilijaa, hazikuwa na mapengo, na alizitoa haraka. Kwa hiyo tuligawana kazi: yeye alidarizi herufi, mimi nikadarizi ukingo na picha ya katikati. Ushike mgawanyo huo, maana ndio ulionidanganya.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilitukataa. Watu walikuwa wanauza mbuzi waliobaki mifupa, na sisi tukapata kazi ya beji za sweta za shule moja ya wasichana, kazi ya muhula mzima. Nilijiona nimebarikiwa. Na mtu anayejiona amebarikiwa peke yake huanza kutazama ni nani anayemwonea wivu.

Ukingo wa beji ulikuwa wa manjano. Herufi zilitakiwa ziwe rangi ya damu ya mzee, ule wekundu uliokolea. Hatukuwa tumefika hata nusu ya kazi uzi wa kudarizi wa rangi hiyo ulipokwisha, si kwangu tu, mji mzima. Mwenye duka la nyuzi aliniambia hata Nairobi haupatikani. Nilidhani anaficha, nikamtuma mtu mwingine aende kuuliza kana kwamba hanijui. Haukuwepo kweli. Kilichokuwepo ni uzi mwembamba wa kushonea nguo, rangi ile ile, lakini ukidarizi herufi kwa uzi huo, sweta inachungulia chini yake.

Basi nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Nilikaa kwenye kigoda, nikavuta sketi juu ya goti, nikalaza nyuzi mbili juu ya paja, nikazisokota kwa kiganja kama tunavyosokota mkonge wa kiondo. Nyanya yako alinifundisha kazi hiyo kabla sijaota meno ya pili. Uzi ukatoka mnene, umejaa, unang'aa. Nilijisifu mwenyewe. Nilimwambia Kalekye, "Wazungu watakuja kujifunza kwangu."

Siku ya kwanza uzi ulikatika mara sita. Wewe unajua cherehani ya kudarizi haina huruma: mikono yote iko kwenye fremu, goti liko kwenye chuma cha kupanua mshono, mota inakimbia, na uzi ukikatika herufi imeharibika. Unafumua, unaanza upya, na sweta ikifumuliwa mara tatu inatoboka. Kalekye akabadilisha sindano. Akasafisha vumbi la chini. Akapitisha kipande cha soksi ya nailoni kwenye tundu ambamo sindano hushuka, kutafuta chuma chenye makali. Soksi haikunasa popote. Akapitisha uzi upya tangu juu. Ukakatika tena.

Nikamwambia ainuke. Nikakaa mimi na uzi wangu wa manjano, nikadarizi kingo tano bila kukatika hata mara moja. Nikainuka, akakaa yeye. Herufi ya pili, tap.

Sasa wewe ungefikiri nini? Cherehani ni moja, siku ni moja, mimi inanikubali na yeye inamkataa. Sikufikiria rangi ya uzi. Nilimfikiria mtu.

Tangu hapo sikumpa mgongo. Kila mchana nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikisokota uzi, macho yakiwa kwenye mikono yake. Akiniuliza, "Mbona unanitazama hivyo?" nilimjibu, "Natazama kazi yangu." Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi, Mwikali, kwamba nilimpeleleza nikisokota.

Zile alama zangu unazozicheka zilianza mwaka ule: mstari wa kalamu kwenye kopo la sukari, unywele kwenye droo, fundo la upande kwenye mfuko wa unga. Ya kwanza kabisa niliiweka kwenye skrubu ya kukaza uzi. Nilichora mstari mdogo wa penseli asubuhi, na jioni mstari ulikuwa umehama. Kalekye alikuwa ameilegeza ili uzi mnene upite, jambo ambalo fundi yeyote angefanya. Mimi nikasema moyoni, leo nimekunasa.

Kanisani kwetu hatusemi uoi, yaani uchawi. Tunasema "mambo fulani". Nikakumbuka kuwa niliwahi kusikia shangazi yake wa Ikutha ana mambo fulani. Ni nani aliniambia? Mpaka leo sijui. Labda hakuna aliyeniambia. Nikaweka Agano Jipya kwenye droo ya cherehani, chini ya mkasi, na uzi ukaendelea kukatika Agano Jipya likiwa humo humo. Ungedhani hilo lingenifunza kitu. Nikaona tu kwamba adui ana nguvu. Nilikuwa napenda kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako," nikilisema kwa sauti alipokuwa karibu, ili asikie.

Shule ikatuma ujumbe kwamba muhula unafunguliwa na kama beji haziko tayari kazi itapewa mtu mwingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mama watatu wa ushirika wa maombi walikuwa wamekuja hapa kwangu. Kalekye alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani. Nikamwona akiinama, akaokota kitu chini ya cherehani, akakifunga kwenye kitambaa cha mkono na kukitia kiondoni.

"Kalekye," nikasema, "hebu mwaga hiyo kiondo yako."

"Nimwage? Mbele ya wageni?"

"Kama hakuna kitu, unaogopa nini?"

Alikivua kiondo begani. Halafu akakimwaga juu ya meza yangu: kitana, sweta ya mtoto aliyokuwa akiifuma, na kile kitambaa chenye fundo. Nikamwambia afungue. Ndani mlikuwa na ncha za uzi, nyingi sana, fupi fupi, zote damu ya mzee.

"Ngai!" akasema mama mmoja. "Anaokota uzi ya mwenzake anapeleka wapi?"

"Mama Mwikali," Kalekye akaniambia mimi, hakuwajibu wao, "hizi ni zile zimekatika. Naziweka nione zinakatika namna gani. Si mimi naharibu kazi. Ni hii uzi. Umeisokota kinyume, na cherehani inaifungua."

"Wewe unifunze kusokota? Mama yangu amesokota tangu wakati wa wakoloni, leo wewe uniambie kinyume?"

"Sijasema mama yako. Nimesema uzi."

Wale mama walikuwa wamekwisha sogea nyuma, mikono vifuani. Sikutamka neno uoi, Mwikali. Ninaweza kuapa kortini kwamba sikulitamka. Nilisema tu, "Wenye macho wameona." Kalekye akakusanya kitana na sweta ya mtoto, akaacha kitambaa mezani, akatoka.

Haikupita wiki. Sokoni watu wakaacha kuitikia salamu yake. Mwenye nyumba akamtaka ahame chumba chake. Mtoto wa Kalekye, wa rika lako, akakosa wa kucheza naye, na wewe mwenyewe nilikuvuta mkono siku moja ulipokuwa unamkimbilia. Akafunga virago akarudi kwa mamake, Matiliku. Sikumwona akiondoka. Niliambiwa, na nilipoambiwa nilisema, "Mungu ni mwema."

Siku nne baadaye nilikaa mimi kwenye herufi. Herufi ya kwanza, tap. Nikafumua. Tap. Nikageuka kutazama nyuma yangu, nakuambia ukweli, niligeuka, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kitasa. Humu ndani nilikuwa mimi na uzi wangu tu. Ulipokatika mara ya tatu nikaamua ni kile kitambaa, nikakichukua nikakichome jikoni. Kabla ya kukichoma nikakifungua, kwa sababu mimi siwezi kuchoma kitu bila kukagua.

Uzi unaokatwa na chuma chenye makali huwa na ncha safi, kama umepitiwa na wembe. Uzi unaosagwa na sindano huwa na manyoya. Ncha za Kalekye hazikuwa hivyo wala vile. Zilikuwa zimefunguka, zile nyuzi mbili zimeachana, kila mmoja umekwenda njia yake. Zote, moja baada ya nyingine, zaidi ya hamsini. Nikachukua kipande cha uzi wa manjano wa dukani, nikakishika kwa mikono miwili, nikakiviringisha kwa vidole vya kulia kuja upande wangu. Kikakaza. Nikachukua wangu wa damu ya mzee, nikafanya vilevile. Ukafunguka vidoleni mwangu.

Uzi wa dukani umesokotwa upande mmoja. Paja langu lilizifunga nyuzi mbili pamoja upande wa pili, kama kiondo kinavyotaka. Lakini kiondo hukaa kimya mikononi mwa mtu, na cherehani inazunguka, na kila ilipozunguka ilifungua kazi niliyokuwa nimekaa mlangoni nikiifanya huku nimemkodolea macho mtu asiye na kosa. Kilichonila kilikuwa kwenye paja langu.

Beji nilizimaliza kwa kupitisha nyuzi mbili nyembamba pamoja kwenye sindano moja, bila kuzisokota. Hazikukatika. Kalekye alikuwa amenipa wazo hilo siku ya pili, nikamwambia anataka kumaliza uzi wangu.

Ungedhani nilikwenda Matiliku kesho yake. Sikwenda. Mama wale walipouliza nilisema fundi ametoka Machakos akaitengeneza cherehani. Hakuna fundi aliyekuja. Mmoja wao akasema, "Tangu yule aende, cherehani imepona." Nikanyamaza. Nimekosea mengi: nimemkosea baba yako, Mungu amlaze pema, nimekukosea wewe. Lakini kunyamaza kule ndiko kunakonifanya nijifunike uso nikiwa peke yangu. Kumsingizia kulitokana na upumbavu. Kunyamaza nilikufanya nikiwa na akili zangu zote.

Mara tatu nimeandika barua ya kuomba msamaha, na mara tatu nimeichana. Nilishuku ataisoma mbele za watu. Ona huo ujasiri wangu! Mimi nilimlazimisha amwage kiondo chake mbele za watu, halafu naogopa asome barua yangu mbele za watu. Miaka kumi na miwili imepita hivyo.

Na usidhani nimepona. Ulipotaja jina lake nilijiambia anataka kulipiza kisasi kwako. Baadaye nikajiambia anataka kukutumia ujue siri za kazi yangu, kana kwamba nina siri asiyoijua yeye. Leo asubuhi nikikukunjia nguo nimemshuku tena kwa jambo jingine ambalo sitaliandika, ni la aibu. Kila mara najibiwa na kitu kile kile: alikuuliza wewe ni wa nani, akajua, akasema uje. Mimi nisingesema hivyo.

Lakini aliyenifanya niandike si Kalekye. Ni wewe. Mwezi uliopita ulikuja jikoni, ukainama karibu na sikio langu, ukasema kwa sauti ya chini, "Mwaitu, sindano huvunjika siku za Mumbua tu. Nimemwekea alama." Nilikwenda kutazama, na kweli, ulikuwa umechora mstari mdogo wa penseli kwenye skrubu, pale pale. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ulipougua malaria ya kichwa. Binti wa watu anakuja kujifunza kazi kwetu, na sisi mama na mtoto tumemkalia kama paka wawili. Ile sindano niliichomoa mwenyewe nikaitazama. Ilikuwa imewekwa imegeukia kando, na aliyeiweka asubuhi ile, bila miwani, ni mimi. Nilikuambia, lakini nililisema kwa mzaha na wewe ukalichukua kwa mzaha. Sasa nakuambia bila mzaha.

Wahenga walisema usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake. Uzi ukikatika huko, ukate kipande uangalie ncha yake kabla hujamwangalia mtu. Ncha itakuambia ni makali, ni sindano au ni msokoto. Ukishamtazama mtu kwanza, ncha utaiona unavyotaka wewe. Najua hutaliweza kila siku. Hata mimi bado siliwezi kila siku.

Jana kwenye chai ya kukuaga ulishangaa kuwakuta kina mama wamenyamaza uliporudi kutoka kuchota maji. Ulidhani ni kwa sababu sukari ilikuwa kidogo. Nilikuwa nimewaambia. Wawili kati ya wale watatu wangali hai, na wote walikuwepo. Nilisema uzi ulikuwa wangu, na kosa lilikuwa langu, na fundi wa Machakos hakuwahi kuzaliwa. Mmoja akasema, "Mama Mwikali, hiyo si ni mambo ya zamani?" Yule mwingine, mzee, akaweka kikombe chini. "Mimi ndiye nilienda kwa mwenye nyumba," akasema. "Nilimwambia asiweke mtu kama huyo." Ndipo akaanza kulia, na wewe ukaingia na ndoo.

Kalekye anaweza kukupokea vizuri, na anaweza siku moja, kazi ikiharibika, kukutazama nilivyomtazama. Ikitokea, usinitetee. Usiseme mama yangu hakujua. Nilijua.

Kile kitambaa sikukichoma. Kimekaa kwenye sanduku langu, chini ya vyeti vyako. Leo nimekifua na kukipiga pasi, na zile ncha za uzi nimezirudisha ndani, kwa sababu ni zake, alizikusanya yeye. Umpe wakati wafanyakazi wake wapo wanasikia, si faraghani. Umwambie, "Mama anasema ulikuwa unasema kweli." Usiongeze neno. Akitaka kunijibu, atanijibu, na asipotaka, ni haki yake. Nikipata nguvu nitakuja mwenyewe, na hapo sijui kama ataniwekea kiti.

Kitambaa kiko juu kabisa ya mkoba wako, juu ya sweta ya buluu, pamoja na barua hii. Bahasha sikuibandika. Kitambaa nimekifunga fundo moja la kawaida, si lile la upande. Sikuchora mstari, sikutia unywele. Ukikifungua njiani ukitazame, Mwikali, sitajua.

Mama yako,
Syombua